Nani Atalipia Fumbo?

Mwezi Februari mwaka 2012, Tim Schafer, mtunzi wa gemu aliyewahi kufanya kazi katika kampuni ya LucasArts, aliuomba umma dola 400,000 kupitia jukwaa la Kickstarter ili atengeneze mchezo wa aina ambayo wachapishaji wakubwa walikuwa wamekwisha kuizika. Michango ilipofungwa mwezi uliofuata, watu zaidi ya 87,000 walikuwa wametoa dola milioni 3.3, na waandishi wa habari za gemu wakatangaza kwamba marehemu amefufuka. Mimi naona tangazo hilo lilikosea mara mbili. Lilidhani kwamba kulikuwa na marehemu, na lilidhani kwamba fedha zile zilikuwa bei ya bidhaa. Kwa sehemu kubwa zilikuwa bei ya kumbukumbu, na kumbukumbu haiuziki kwa mtu yuleyule mara nyingi.

Aina yenyewe ni ile ya michezo ya visa na mafumbo, ambamo mchezaji hapigi risasi wala hakimbizani na saa. Anamwongoza mhusika ndani ya kisa kilichotungwa tangu mwanzo hadi mwisho. Anatembea, anachunguza, anaokota kinachookoteka, anaongea na kila anayekutana naye, kisha anakaa na kuwaza kitu gani kitumike wapi ili sura inayofuata ifunguke. Chanzo chake ni mchezo wa maandishi matupu ambao Will Crowther aliuandika kwenye kompyuta ya PDP-10 katikati ya miaka ya 1970, na Don Woods akaupanua mwaka 1977. Picha ziliingia mwaka 1980, Roberta Williams na mumewe Ken walipotoa Mystery House. Mwaka 1987 Ron Gilbert na Gary Winnick, katika Maniac Mansion, walimwondolea mchezaji kazi ya kuandika amri kwa herufi, wakamwekea vitenzi chini ya skrini avibofye kwa mshale. Mtindo huo wa kubofya ndio ambao leo watu huuita wa kizamani, wengine kwa mapenzi na wengine kwa kuudharau.

Anayetaka kujua utamu wake uko wapi na atazame mapigano ya panga katika The Secret of Monkey Island wa mwaka 1990, kazi ya Gilbert huyohuyo. Kijana Guybrush Threepwood anataka kuwa haramia, na moja ya masharti ni kumshinda bingwa wa panga wa kisiwa. Katika mchezo mwingine wowote hapo pangehitaji vidole vyepesi. Hapa panga ni pambo tu, kinachoamua ni mipasho: adui anakurushia kejeli, nawe unachagua jibu, jibu likiikata kejeli unasonga mbele, likipwaya unarudishwa nyuma. Mwanzoni huna majibu, kwa hiyo unazurura njiani ukipambana na maharamia wadogo na kukubali kushindwa, maana kila ukishindwa unaondoka na mpasho mpya. Kisha unafika kwa bingwa na kukuta kwamba kejeli zake hujawahi kuzisikia hata moja. Majibu uliyonayo ni yaleyale ya barabarani, na ni juu yako kutambua kwamba kila moja lina maana ya pili inayomfaa yeye. Dakika ile ambayo mtu anatambua hivyo, bila kuambiwa na yeyote, ndiyo bidhaa inayouzwa. Michoro, muziki na vichekesho viko pale kuibeba dakika hiyo.

Sasa, dakika hiyo haiji bila kukwama kwanza, na kukwama kuna uchumi wake ambao wachambuzi wengi huupita haraka. Wanaotegeana vitendawili wanaufahamu tangu utotoni. Aliyeshindwa hapewi jibu bure. Mtegaji humwambia “nipe mji”, naye hutaja mji, mtegaji huukataa, hutaja mwingine, hadi mtegaji aridhike ndipo afumbue. Kushindwa kunagharimu, na gharama hiyo ndiyo inayomfanya mtu ajikaze kufikiri kabla hajasalimu amri. Kampuni za Marekani za miaka ya 1980 ziliuona mwanya huo zikaugeuza fedha taslimu. Infocom, waliouza mchezo wa maandishi wa Zork, walikuwa na vijitabu vya vidokezo vilivyoitwa InvisiClues, vilivyochapwa kwa wino usioonekana: mteja alipaka kalamu maalumu juu ya mstari mmoja, kidokezo kikajitokeza, akaacha mistari ya chini yake bila kuigusa ili asijiharibie. Sierra, kampuni ya akina Williams, iliuza vitabu vyake na kufungua laini za simu za kuwasaidia waliokwama. LucasArts nao walikuwa na laini yao, na katika Monkey Island 2 wa mwaka 1991 waliweka simu katikati ya msitu ili Guybrush mwenyewe aipigie. Ulikuwa utani, lakini utani wa watu wanaojua fedha zinaingilia mlango gani.

Kwa hiyo ugumu wa mafumbo ya zamani haukutokana na usanii peke yake. Mchezo ambao mtu anayejua majibu yote angeumaliza jioni moja uliweza kumkalia mnunuzi mwezi mzima, naye akaona fedha yake haikupotea, na njiani akanunua kitabu au kupiga simu. Intaneti iliuvunja mpango huo wote. Tangu katikati ya miaka ya 1990, tovuti kama GameFAQs zilianza kuweka majibu kamili bila malipo, na mji ukaacha kutolewa. Hasara ya vitabu na simu haikuwa kubwa kiasi cha kuangusha kampuni. Hasara kubwa ilikuwa kwamba mchezo wa mwezi mmoja ulirudi kuwa mchezo wa jioni moja, na bei yake haikubadilika.

Kuna simulizi nyingine ya anguko lile inayopendwa zaidi, kwa kuwa inachekesha. Katika Gabriel Knight 3 wa mwaka 1999, mhusika anataka kukodi pikipiki kwa jina la rafiki yake. Mchezaji anatakiwa kubandika utepe wa gundi kwenye tundu la mlango wa banda, kumtisha paka apite hapo aache manyoya yake, kisha ayabandike manyoya hayo usoni kwa sharubati ya mti wa mepo ili yawe masharubu. Rafiki anayeigizwa hana masharubu hata kidogo, hivyo inabidi pia kuyachora kwa kalamu kwenye picha ya hati yake ya kusafiria. Mwaka 2000 tovuti ya kejeli iliyoitwa Old Man Murray ililichambua fumbo hilo na kutoa hukumu kwamba michezo ya namna hii haikuuawa na mtu, ilijiua. Hukumu hiyo imenukuliwa tangu hapo kana kwamba ni ripoti ya daktari.

Siwezi kuikubali kama maelezo ya kibiashara, ingawa kosa lenyewe lilikuwepo na lilijulikana miaka mingi kabla ya paka yule. Mwaka 1989 Gilbert aliandika makala kali akizishutumu gemu za aina yake mwenyewe kwa kumwadhibu mchezaji bila haki, na mwaka uliofuata Sierra ikatoa mfano ambao ni kama ulitungwa kuthibitisha maneno yake. Katika King's Quest V, mfalme Graham akishikwa na njaa mlimani, mchezaji anaweza kumlisha pai aliyoibeba. Mchezo unaruhusu, haulalamiki, na safari inaendelea. Mbele kidogo anatokea yeti, jitu la theluji, na njia pekee ya kumshinda ni kumrushia pai ile usoni. Aliyekwisha kuila hana la kufanya ila kurudi nyuma mahali alipouhifadhi mchezo zamani, kama alihifadhi, na kama amegundua kosa lilitokea wapi. Pamoja na hayo King's Quest V uliuzwa vizuri sana. Wateja walikuwa wanavumilia dhuluma ya namna hiyo kwa zaidi ya muongo mmoja, na hakuna sababu ya kuamini kwamba uvumilivu uliwaisha ghafla mwaka 1999 kwa sababu ya masharubu.

Kilichobadilika ni gharama ya kila tukio likilinganishwa na muda ambao tukio hilo linamshika mteja. Katika mchezo wa kupiga risasi, chumba kimoja hutumika mara mia: mchezaji anakufa, anarudi, anaongeza ugumu, anacheza na wenzake kwenye mtandao. Katika mchezo wa visa, chumba kinachorwa, kinaandikiwa mazungumzo, kinawekewa sauti za waigizaji, kisha mchezaji anakipita mara moja na hana haja nacho tena. Enzi za disketi, chumba kilikuwa mchoro wa pikseli chache na mistari ya maandishi, kwa hiyo haikudhuru. Ilipoingia CD, mazungumzo yote yakadai waigizaji. Ilipoingia michoro ya vipimo vitatu, kila kiti na kila taa vikadai fundi. Grim Fandango ya Schafer mwenyewe ilitoka mwaka 1998, mwaka uleule wa Half-Life, mchezo wa kupiga risasi, na mtu akiziweka pamoja anaona ni ipi kati yake iliyoweza kuzifidia gharama zake kwa kuchezwa na kuchezwa tena. Juu ya hilo kulikuwa na suala la rafu za maduka. Boksi lilikaa mahali pazuri wiki chache, likaondolewa, na mchezo unaouzika polepole kwa kusimuliwa mtu kwa mtu ulikuwa umeondolewa kabla wasimulizi hawajaumaliza.

Wenye mitaji walifanya hesabu hiyo. Sierra iliuzwa mwaka 1996 kwa CUC International, kampuni ambayo miaka miwili baadaye iligundulika kuwa imeghushi vitabu vyake vya hesabu, na Februari 1999 studio ya Oakhurst, California, ambako King's Quest ilizaliwa, ikafungwa. Machi 2004 LucasArts iliufuta mchezo wa Sam & Max uliokuwa ukiendelea kutengenezwa, ikataja hali ya soko. Hapo ndipo watu waliposema imekwisha.

Lakini soko ni pana kuliko meza za wahariri wa majarida ya gemu, wanaume wa miaka ishirini na kitu. Katika muongo uleule wa kilio, gemu ya kompyuta iliyokuwa imeuzika kuliko zote duniani ilikuwa Myst, kazi ya ndugu wawili, Rand na Robyn Miller, iliyotoka mwaka 1993, ikapita nakala milioni 6, na haikuvuliwa taji hadi mwaka 2002 na The Sims. Ni kisiwa kitupu, mitambo isiyoelezwa, na ukimya. Hakuna adui hata mmoja wa kumpiga. Wahariri wengi hawakuihesabu kwa kuwa wanunuzi wake hawakuwa wasomaji wao. Hali ilikuwa hiyohiyo kwa Her Interactive ya jimbo la Washington, iliyoanza mwaka 1998 kutoa michezo ya mpelelezi msichana Nancy Drew na imekwisha kupita michezo 30. Na kwa Ujerumani, ambako mtindo wa kubofya uliendelea kuuzika madukani kiasi cha kuzaa kampuni kama Daedalic ya Hamburg mwaka 2007. Wasichana, akina mama wa umri wa makamo na Wajerumani: ukiwaondoa hao kwenye hesabu ndipo unapopata marehemu.

Turudi kwenye dola milioni 3.3. Mchezo walioulipia wachangiaji wale, Broken Age, uliahidiwa kwa Oktoba 2012. Nusu ya kwanza ilifika Januari 2014 na nusu ya pili Aprili 2015, kwa sababu fedha zilipozidi ndoto nazo zilizidi, na ndoto katika aina hii ya gemu maana yake ni vyumba vingi zaidi vya kupitwa mara moja. Wengine walichelewa zaidi ya hapo: waanzilishi wa Space Quest, mfululizo wa zamani wa Sierra, walichangiwa zaidi ya dola 500,000 mwaka huohuo wa 2012, na mchezo ukawafikia watu baada ya takriban miaka kumi. Gilbert na Winnick walipoomba dola 375,000 mwishoni mwa 2014 kwa ajili ya Thimbleweed Park, walipata zaidi ya 620,000, kiasi cha heshima lakini chini ya theluthi moja ya kile cha Schafer. Mchezo huo, uliotoka Machi 2017, kwa maoni yangu ni bora kuliko Broken Age. Ubora haukuwa na uzito mkubwa katika suala hili, kwa sababu akiba ya kumbukumbu ilikuwa imeanza kuliwa.

Mtaji wa aina hiyo una ubaya mwingine, nao ni kwamba mwenye kumbukumbu hujiona mwenye mali. Gilbert aliporudi kwenye kisiwa chake kwa Return to Monkey Island, uliotolewa na kampuni ya Devolver Digital Septemba 2022, aliamua kutumia michoro ya mtindo mpya wa mchoraji Rex Crowle badala ya pikseli. Miezi michache kabla ya mchezo kutoka, watu walimshambulia kwa matusi mazito hadi akafunga sehemu ya maoni kwenye tovuti yake. Watunzi wa riwaya hupata wasomaji wenye hasira, hilo ni la kawaida, lakini ni wachache wanaotukanwa na wateja kwa kukataa kurudia walichokifanya miaka 32 iliyopita. Mtengenezaji anayetegemea kundi hilo peke yake amejifunga kwa wateja wanaozeeka, wanaopungua, na wanaotaka kitu kilekile.

Njia ya pili ilikuwa imeanza kimya miaka sita kabla ya Schafer kuomba michango Kickstarter. Mwaka 2006, mjini New York, Dave Gilbert, ambaye hana undugu na yule mwingine, alianza kuuza mchezo mfupi uitwao The Shivah, kuhusu rabi aliyepoteza imani, alioutengeneza kwa Adventure Game Studio, programu ya bure iliyoanzishwa na Chris Jones mwishoni mwa miaka ya 1990. Kampuni yake, Wadjet Eye, iliendelea hivyo kwa miaka mingi: michoro ya pikseli, watu wachache, sauti za waigizaji zinazorekodiwa kwa uangalifu, na bei ambayo kwa kawaida haizidi dola 20. Hata Unavowed wa mwaka 2018, mmoja wa michezo yao mikubwa, ulijengwa kwa programu hiyohiyo. Pikseli hapa si pambo la kuwapendeza wazee. Ni uamuzi wa mhasibu, kwa sababu zinairudisha gharama ya chumba mahali ilipokuwa kabla ya CD, na papo hapo duka la mtandaoni limeondoa tatizo la rafu. Mchezo wa mwaka 2011 bado uko dukani leo, unapunguzwa bei kila msimu wa mauzo, unaokotwa na mtu aliyependa mchezo wa mwaka 2018, na kila nakala inayouzwa baada ya gharama kurudi ni faida karibu tupu baada ya duka kuchukua fungu lake la asilimia 30.

Uhai huo mrefu una waliouandaa. Mwaka 2001 wapenzi wawili wa gemu walianzisha ScummVM, programu inayowezesha michezo ya LucasArts na wenzao kuchezeka kwenye mashine za kisasa. Mwaka 2003 kampuni ya Kiingereza ya Revolution iliwapa mchezo wake Beneath a Steel Sky waugawe bure. Kwa mtazamo wa duka ilikuwa hasara. Jina lile, hata hivyo, liliendelea kuishi midomoni mwa watu waliokuwa watoto wachanga lilipotoka, na mwaka 2020 Revolution iliweza kuuza muendelezo wake. Kampuni hiyohiyo ilitoa toleo jipya la Broken Sword ya kwanza mwaka 2024, na Charles Cecil, mwanzilishi wake, ameeleza hadharani kwamba akili mnemba ilisaidia kukuza maelfu ya vijipicha vya wahusika kabla ya wachoraji kuvirekebisha nyuso na mikono. Wachoraji wengi hawaipendi habari hiyo, na wana haki. Lakini hapo tena kinachoshughulikiwa ni bei ya chumba.

Steam, duka la gemu la mtandaoni, pekee ilipokea gemu zaidi ya 18,000 mwaka 2024, na kuonekana katika umati huo ni kazi kubwa kuliko kutengeneza. Kanuni ya duka hilo ya kumrudishia fedha mtu aliyecheza chini ya saa mbili inawabana wenye visa vifupi kuliko wenye gemu zisizo na mwisho. Lakini tishio kubwa kuliko yote naliona kwenye YouTube. Mchezo wa mpira hauishi utamu kwa kuutazama ukichezwa na mtu mwingine. Mara nyingi ndipo hamu inapozidi. Kisa, kinyume chake, ukikitazama hadi mwisho umekwisha kukila. Telltale, kampuni ya watu waliotoka LucasArts mwaka 2004, ilifikia kilele mwaka 2012 kwa The Walking Dead kwa kuyaondoa karibu mafumbo yote na kumwachia mchezaji maamuzi ya kihisia. Ilisifiwa, ikauza mamilioni ya vipande vya kisa hicho kilichotolewa sehemu kwa sehemu, ikarudia mtindo huohuo kwa kila jina maarufu ililoweza kukodi, na Septemba 2018 ikawaachisha kazi karibu asilimia 90 ya wafanyakazi wake. Uongozi mbaya ulichangia, na programu yao iliyochakaa pia. Bado nadhani walijidhuru tangu siku walipoamua kwamba fumbo ni kikwazo kwa kisa. Walipoliondoa, walibaki wakiuza kitu ambacho mtu angeweza kukitazama bure.

Linganisha na Return of the Obra Dinn, ambayo Lucas Pope aliitengeneza kwa kiasi kikubwa peke yake na kuitoa mwaka 2018. Mchezaji ni mkaguzi wa bima wa Kampuni ya Uhindi Mashariki mwaka 1807, anapanda meli iliyorudi bila mtu hai, na anatakiwa kujua majina na hatima za watu 60 waliokuwemo. Ana saa ya mfukoni inayomwonyesha sekunde ya kifo cha kila maiti anayemkuta, na orodha ya majina. Utagundua kwamba huyu ni wa taifa fulani kwa lafudhi yake, na yule ni fulani kwa namba ya kitanda chake. Mchezo haukuthibitishii jibu moja moja: unathibitisha matatu matatu kwa pamoja, ili anayebahatisha asifike popote. Ukitazama mtu mwingine akiucheza umeuharibu milele, na wanunuzi wanalijua hilo, ndiyo maana wakipendekezeana huambiana wasisome chochote kwanza. The Case of the Golden Idol, ya ndugu wawili wa Latvia, ilifuata njia hiyo mwaka 2022 na kupata muendelezo mwaka 2024. Hakuna hata mmoja kati ya michezo hiyo unaotegemea kumbukumbu za Guybrush, na kila mmoja umehifadhi dakika ileile ya kutambua bila kuambiwa. Kama ningekuwa na fedha za kuwekeza, ningeziweka huko.

Hata suala la vidokezo limepata majibu ya akili. Thimbleweed Park iliongezewa laini ya simu ya msaada ndani ya mchezo, na Return to Monkey Island ina kitabu cha vidokezo mkobani, vyote bure, ili mchezaji asikimbilie mtandaoni akakutana na jibu lote mara moja. Machinarium ya Amanita Design, ya Jamhuri ya Czech, ilikuwa na ujanja zaidi mwaka 2009: kitabu cha majibu kimo ndani, lakini kukifungua ni lazima ushinde kwanza mchezo mdogo wa kuongoza ufunguo na kupiga buibui, tena kila mara unapokihitaji. Waliurudisha mji.

Machinarium ina sababu nyingine ya kutajwa mbele ya msomaji wa Afrika Mashariki, kwa kuwa haina neno hata moja la mazungumzo. Maroboti wake husema kwa vichoro ndani ya viputo. Huku kwetu gemu zimekua kwenye vibanda vya pleistesheni, ambako kijana analipia mechi au nusu saa, na mwenye kibanda anataka kiti kigeuke haraka. Katika utaratibu huo mpira una soko la uhakika, na mchezo wa kukaa unawaza ni anasa, maana kila dakika ya kufikiri inaandikwa kwenye bili. Aina hii haikukosa watu wenye akili ya kuipenda. Ilikosa mahali ambapo kufikiri hakulipiwi kwa dakika. Simu imeondoa kikwazo hicho, na Machinarium, kama michezo ya The Room ya Fireproof tangu 2012, inachezeka vizuri kwa kidole kimoja. Upande wa watengenezaji, ndugu wawili wa Afrika Kusini, Chris na Nic Bischoff wa studio ya The Brotherhood, walichangiwa zaidi ya dola 100,000 kwa mchezo wao wa Stasis, wakautoa mwaka 2015, kisha mwaka 2020 wakatoa Beautiful Desolation, kisa cha kubofya kilichowekwa katika Afrika Kusini ya baadaye. Ni watu wachache, gharama inayobebeka, wateja wa dunia nzima, na lafudhi ya kwao wenyewe. Studio ya Nairobi au Dar es Salaam inayotaka kushindana na kampuni za mpira wa kompyuta inajisumbua. Inayotaka kuandika kisa cha saa nane chenye mafumbo mazuri ina mfano wa kuufuata.

Majina makubwa ya zamani hayatachangia sana katika haya. Monkey Island ni mali ya Disney tangu ilipoinunua Lucasfilm, mmiliki wa LucasArts, mwaka 2012, na Gilbert alihitaji ruhusa yao ili kumwendeleza mhusika aliyemtunga mwenyewe. King's Quest, Space Quest, Gabriel Knight na Zork viliangukia mikononi mwa Microsoft ilipomaliza kuinunua Activision Blizzard, iliyokuwa ikivimiliki, Oktoba 2023, na kitu kikubwa kilichofanyika na Zork tangu hapo ni kuuweka hadharani msimbo wa michezo yake mitatu ya kwanza, Novemba 2025, ili wanafunzi na wapenzi wausome. Ni jambo jema, nalo linaonyesha thamani ambayo wenye mali wanaipa mali hiyo. Kwa kampuni ya ukubwa ule, mchezo utakaouza nakala laki moja kwa dola 15 hautoshi hata kuitisha kikao. Kwa nyumba ya watu wanne ni mishahara ya miaka kadhaa na gharama za mchezo unaofuata.